Ngeli nzito imeshuka bei: Vijana wa Kisii na Nyamira wajifunze maneno gani sasa?

Omba daftari la msamiati la mwanafunzi wa sekondari, awe wa Keroka, Ogembo au Kebirigo. Mara nyingi utakuta orodha ndefu: "plethora", "flabbergasted", "ubiquitous", "cacophony". Kando ya kila neno kuna maana moja iliyonakiliwa kutoka kwenye kamusi. Hakuna sentensi wala mfano. Ni maneno yaliyopangwa foleni yakingoja siku ya insha.

Kwa miaka mingi daftari hilo lilikuwa mtaji. Lilileta alama shuleni na heshima kijijini, na kuanzia pale intaneti ilipopata kasi, likaleta doo. Msee aliyejua ngeli nzito alikuwa na kitu cha kuuza.

Sasa soko limegeuka. Maneno makubwa yanapatikana bure kwa sekunde tatu kwenye simu ya mtu yeyote mwenye bando. Cha kuudhi ni kwamba shule, wazazi na hata sisi vijana bado tunayakusanya kana kwamba bei ni ile ya zamani. Msamiati wenyewe haujafa. Kilichoshuka bei ni neno la kupamba. Neno la kazi limepanda, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo itakayoamua nani anapata kazi, nani anasaini mkataba mbaya, na nani anaelewa kinachofanywa na pesa za kaunti yake.

Ngao dhidi ya kuchekwa

Tusijifanye hatujui haya mapenzi ya maneno makubwa yalitoka wapi. Waulize wazazi wako kuhusu "disk", kile kipande cha mbao alichopewa mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya mama shuleni. Mwisho wa siku aliyebaki nacho alichapwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu adhabu za aina hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, na ukisimulia habari hiyo mbele ya wazee wa Gusii watakuongezea za kwao.

Kisha kuna suala la lafudhi. Ekegusii hakina sauti ya L. Kijana aliyekulia Nyansiongo akifika Nairobi akasema "rorry" badala ya "lorry", ofisi nzima inacheka. Tunaita kushrabu, na tunafanya mzaha, lakini mzaha huo una gharama. Kuna watu wenye akili timamu wanaokaa kimya kwenye mahojiano ya kazi kwa kuogopa herufi moja.

Ndiyo maana ngeli nzito iligeuka ngao. Ukishindwa kuwapiga watu kwa lafudhi, wapige kwa msamiati. Ukitaka kuona inavyofanya kazi, nenda harambee au mazishi yoyote hapa kwetu usikilize MC akitafuta neno ambalo hakuna atakayelielewa. Makofi yanakuja kwa sababu halikueleweka. Tumekua tukiamini kwamba msomi hutambulika kwa neno linalohitaji kamusi, na wanaoiga Prof PLO Lumumba mtaani huiga yale maneno yake mazito, wakasahau kwamba yeye huyatumia kujenga hoja.

Wakati maneno yalilipa kodi

Halafu ikaja kazi ya mtandaoni. Kwa zaidi ya mwongo mmoja, maelfu ya vijana Wakenya wamelipa kodi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza, Marekani na kwingineko insha na tasnifu zao. Mji wowote wenye chuo na intaneti ulikuwa na wenyewe, na mtu aliyesoma au kuishi karibu na chuo mjini Kisii anajua jinsi kazi hiyo ilivyokuwa: kununua akaunti, kungoja oda, kukesha kwa sababu usiku wetu ni mchana wa mteja.

Filamu ya hali halisi ya The Shadow Scholars, iliyotoka mwaka 2024, inamfuata Prof Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwenyewe mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta waandishi hao. Ukiitazama unapata maswali mawili kwa pamoja. Ndiyo, ilikuwa kusaidia watu kudanganya. Lakini pia ni vijana wetu waliokuwa na uwezo wa kuandika kazi za digrii za watu wengine, huku wao wenyewe wakikosa ajira.

Pigo la kwanza lilikuwa la sheria. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha Skills and Post-16 Education Act, ambayo miongoni mwa mambo mengine ilifanya biashara ya kuwauzia wanafunzi insha kuwa kosa. Pigo la pili lilikuja Novemba 30 mwaka huohuo. ChatGPT ikazinduliwa, na yule mteja aliyekuwa akikulipa kwa kila ukurasa akagundua anaweza kuupata bila kukutafuta.

Angalia kilichouzwa hapo. Tulikuwa tukiuza sentensi ndefu, safi, zenye maneno ya kisomi, zisizo na makosa. Hiyo hasa ndiyo bidhaa ambayo mashine inatengeneza vizuri kuliko bidhaa nyingine yoyote. Kama ulijifunza Kiingereza ili kisikike kama cha msomi, ulikuwa unajiandaa kushindana na kompyuta bila kujua.

Ukitumia makubwa unashukiwa, ukitumia madogo pia

Ingekuwa ni kupoteza soko tu, tungesonga mbele. Lakini kuna shida ya pili: siku hizi maneno makubwa yanaleta shaka.

Aprili 2024, Paul Graham, mwekezaji maarufu wa Marekani, aliandika kwenye X kwamba alitumiwa barua pepe ya kupendekezewa mradi, akaona imetumia neno "delve". Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba imeandikwa na ChatGPT. Waafrika wengi, Wanigeria wakiwa mstari wa mbele, walimjia juu. Kwetu "delve" ni neno la kawaida. Tulilifunzwa na mwalimu mwenye chaki, tukapewa tiki kwa kulitumia.

Graham hakuwa akiota, lakini. Watafiti waliochunguza mihutasari ya mamilioni ya makala za kisayansi kwenye hifadhi ya PubMed waligundua kwamba baada ya ChatGPT kuja, maneno kama "delves" yaliongezeka ghafla kuliko ilivyowahi kuonekana. Kwa hivyo mashine kweli inalipenda neno hilo. Tatizo ni kwamba sisi tulilipenda kwanza, na sasa hatuna jinsi ya kuthibitisha.

Unaweza kusema, basi niandike kwa maneno mepesi. Ngoja. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye programu 7 zinazodai kutambua maandishi ya akili unde. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilibandikwa jina la kazi ya mashine, ilhali zote ziliandikwa na binadamu. Sababu? Msamiati wake ulikuwa wa kutabirika, maneno yaleyale ya kawaida yakifuatana. Insha hizohizo zilipoongezewa msamiati, shaka ikapungua sana.

Umeona mtego? Tumia maneno makubwa na mteja wa Marekani anakushuku. Tumia machache na programu inakushuku. Na anayeumia ni yule asiye na kitu kingine cha kujitetea. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo jambo hili nalijua kutoka ndani: usipokuwa na karatasi, Kiingereza chako ndicho cheti chako. Mtu akikishuku, huna ofisi ya msajili ya kumpigia simu.

Njia ya kutoka kwenye mtego huo siyo kuhesabu maneno. Ni kuandika kitu ambacho wewe pekee unakijua, kwa neno linalokaa sawasawa mahali pake. Na hapo ndipo elimu yetu ya msamiati inapoonyesha mapengo.

Mtihani wenyewe hautaki hayo

Wengi watasema, "Lakini KCSE inataka ngeli nzito." Tupige hesabu. Mtihani wa Kiingereza una karatasi tatu: 60, 80 na 60, jumla alama 200. Ile insha ya kubuni, ambayo ndiyo sababu ya lile daftari, ina alama 20. Ni sehemu moja ya kumi.

Tazama sasa karatasi ya kwanza. Kuna kifungu chenye mapengo 10 ya kujaza, alama 10. Mapengo hayo mara nyingi yanataka maneno gani? "Of". "Although". "The". "Which". Mwanafunzi aliyekariri "flabbergasted" anakwama kwenye "despite". Maneno madogo ndiyo misumari ya lugha, na hakuna anayeyaandika daftarini kwa sababu hayana sifa.

Ukitoka shule hali ni ileile. Tuna ndugu wengi wa Gusii Minnesota na Texas, na kila mwaka kuna mtu nyumbani anajiandaa kuwafuata au kwenda Uingereza kama muuguzi. Wengi hupitia IELTS. Katika sehemu za kuandika na kuzungumza, msamiati unabeba robo ya alama, na wanaosahihisha hawahesabu ukubwa wa maneno. Wanaangalia kama neno limetumika kwa usahihi na limekaa na wenzake wanaofaa. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mtu akianguka kwa nusu alama, ada ya mtihani imeenda na safari imesubiri. Hiyo ni ng'ombe iliyouzwa bure.

"Strong tea" ya Nyamira

Nyamira ni nchi ya majani chai, kwa hivyo mfano huu utakaa vizuri. Kwa Kiingereza chai iliyokolea ni "strong tea". Ukisema "powerful tea" umeeleweka, lakini umejitangaza kwamba ulilisoma neno peke yake kwenye orodha. Upande wa pili, gari lenye nguvu ni "powerful car". Mwanaisimu M.A.K. Halliday aliutumia mfano wa chai hii miaka ya 1960 kuonyesha kwamba maneno yana marafiki. Kamusi ikikuambia "strong" na "powerful" ni kitu kimoja, haijakuambia nani anatembea na nani.

Sisi tunalijua jambo hili kwa Kiswahili bila kufundishwa. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura. Mgeni akisema "nimefanya simu" unatabasamu. Hajakosea maana, amekosea marafiki wa neno.

Basi kujua neno ni kujua mambo kadhaa: maana yake, marafiki zake, mahali pa kulitumia, na mahali pa kuliacha. "Plethora" unayoijua kwa maana tu ni kama namba ya simu bila jina.

Halafu kuna suala la maneno gani yaje kwanza. Mtaalamu Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba ili usome gazeti au riwaya ya Kiingereza bila kukwama kila mara unahitaji kati ya familia 8,000 na 9,000 za maneno. Familia ni kama "decide", "decision" na "indecisive" zikihesabiwa pamoja. Ni nyingi, hazipatikani kwa kukariri neno moja la ajabu kila Ijumaa. Zinapatikana kwa kusoma sana.

Mwaka 2000 Averil Coxhead, naye wa New Zealand, alichapisha orodha ya familia 570 zinazojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya kila fani. Humo hukuti "ubiquitous" wala "cacophony". Unakuta "assume", "evidence", "require", "significant", "allocate". Hayana mbwembwe, lakini kwa makadirio yake familia hizo 570 zinabeba karibu neno moja kati ya kila 10 katika maandishi ya chuo. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzimaliza akijifunza 10 kwa wiki, na abaki na muda wa kwenda kuchuma majani chai.

Maneno yanayokutawala

Hadi hapa nimeongea kuhusu kazi na mitihani. Lakini kuna sehemu inayonikera zaidi, na ni siasa.

Februari 2024 bunge la Kaunti ya Kisii lilipiga kura ya kumbandua Naibu Gavana Robert Monda, na Machi 14 Seneti ikaunga mkono. Moja ya tuhuma, ambayo aliikana, ilikuwa kwamba alichukua Sh800,000 ili kijana apate kazi katika kampuni ya maji ya Gusii. Mashtaka yalisomwa kwa maneno kama "gross misconduct" na "abuse of office". Kule Nyamira, MCA wamejaribu zaidi ya mara moja kumng'oa Gavana Amos Nyaribo, na mabishano yamekuwa yakirudi palepale: "threshold", theluthi mbili imefika au haijafika.

Sasa waulize vijana waliokuwa wakibishana kwenye steji za boda "gross misconduct" maana yake nini kisheria, au kwa nini kura moja iliyopungua inaangusha hoja nzima. Wengi wanajua nani wako upande wa nani. Wachache wanajua neno ambalo kesi nzima imesimama juu yake.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Mambo mashinani ni tofauti. Bajeti za kaunti na karibu kila hukumu ya mahakama zinatoka kwa Kiingereza. Mwananchi akialikwa kwenye kikao cha kutoa maoni, anakabidhiwa karatasi yenye "supplementary budget" na "pending bills", anapewa soda, anasaini mahudhurio, anaenda nyumbani. Ushiriki umekamilika.

Au chukua barua ya ajira ya ng'ambo. Kijana anaona "offer" na mshahara, anapiga kelele za furaha. Hajaona maneno mawili madogo: "subject to". Kazi ni yako ikiwa visa itatoka, ikiwa vipimo vitapita, ikiwa mwajiri hatabadili nia. Chini zaidi kuna "non-refundable", na tayari shamba limeuzwa. Hakuna neno hata moja kati ya hayo ambalo MC wa harambee angelitumia kujisifu. Lakini ndiyo yanayohamisha pesa kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Ninachopendekeza, bila doo nyingi

Kwanza, badilisha daftari. Kila neno liandikwe ndani ya sentensi uliyolikuta, pamoja na neno lililolitangulia na lililolifuata. Kisha andika sentensi yako kuhusu kitu unachokijua: soko la Daraja Mbili, mawe ya sabuni ya Tabaka, matatu ya Suneka. Kama huwezi kulitumia kuhusu maisha yako, bado si lako.

Pili, rudia kwa vipindi. Pitia neno kesho, wiki ijayo, mwezi ujao. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka tusiporudia, na ubongo haujabadilika tangu hapo.

Tatu, soma maandishi ya kazi unayoitaka. Wa uuguzi asome ripoti za wagonjwa na barua za rufaa. Wa ufundi asome miongozo ya mashine. Anayependa siasa asome bajeti ya kaunti yake, ukurasa mmoja kwa siku. Maktaba ya umma ipo mjini Kisii, na simu uliyonayo ni maktaba pia ukiifunga TikTok kwa saa moja.

Nne, itumie mashine kama mwalimu wa pembeni. Iulize tofauti ya "assume" na "presume", iombe mifano 5, kisha iandike sentensi yako mwenyewe uipe isahihishe. Ukiiacha ikuandikie, utabaki na maandishi mazuri na kichwa kitupu, na siku ya mahojiano hakuna atakayekuruhusu kuingia nayo.

Kwa walimu, wakati ni huu. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari ya juu Januari 2026, na KCSE ya mwisho itafanywa 2027. Mfumo unabadilika na majina ya mitihani yanabadilika. Itakuwa aibu kubeba lile daftari la zamani na kuliingiza katika mfumo mpya bila kulifungua.

Na tuache kuchekana. Kijana wa Nyansiongo anayesema "rorry" lakini anajua kusoma mkataba mstari kwa mstari ana Kiingereza kizuri kuliko mwenye lafudhi ya redio aliyesaini bila kuona "subject to". Huyo wa kwanza ndiye ningemtaka mezani siku kaunti inapogawa pesa.